HII SI DAWA, NI SUMU

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wananchi katika mkutano wa tawi, Wampembe, Ufipa



Leo hatutasema habari za uchaguzi wala za ada. Tumekuja kusema habari za viwavi, na habari za ile chupa ambayo watu huinunua kwa ajili ya viwavi. Twajua wako watakaonung'unika kwamba haya ni maneno ya Bwana Shamba, wala si ya Chama. Twawajibu hivi: mwaka 1972 TANU ilikutana Iringa ikatoa azimio lililoitwa Siasa ni Kilimo, na tangu siku ile shauri hilo lilikwisha katwa. Chama kisichojua kinachoingia katika shamba la mwanachama wake ni chama cha makaratasi.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Sisi sote husema "dawa". Tunapiga dawa, tunanunua dawa, tunaazimana bomba la dawa. Lakini dawa ni kitu apewacho mgonjwa ili apone, na hiki tunachokinyunyiza hakikutengenezwa kumponya mtu ye yote. Kimetengenezwa kuua. Serikali katika maandishi yake husema viuatilifu. Ni jina gumu kidogo kinywani, lakini ndani yake mna neno "ua", na hapo ndipo penye ukweli. Jina la dawa limetuharibia fikira. Mtu hudhani kwamba dawa ikiongezwa, kazi huenda upesi, basi huzidisha kizibo kimoja. Hudhani dawa haina ubaya ndani ya nyumba, basi huiweka uvunguni mwa kitanda, pale pale watoto wanapochezea. Leo tutaiita sumu, nasi twaomba muiite hivyo nyumbani kwenu, hasa mbele ya watoto.

Mnaukumbuka mwaka 2017. Kiwavi kigeni kilichotoka Amerika kilikuwa kimeonekana Afrika ya Magharibi mwaka 2016, na mwanzoni mwa mwaka uliofuata kikaingia nchini mwetu. Hakikuanzia Pwani, wala Kilimanjaro. Kilionekana kwanza katika mkoa wetu huu wa Rukwa, katika wilaya yetu hii ya Nkasi. Wataalamu wamekiita kiwavijeshi vamizi. Nondo wake aweza kuruka yapata kilometa 100 kwa usiku mmoja, basi hakuna mpaka wala kizuizi cha kumzuia. Mahindi yalitobolewa majani mpaka yakawa kama chandarua kuukuu, na mwenye shamba akasimama pembeni akihesabu njaa ya watoto wake.

Hofu ikawashika watu, na hofu ndiyo mnunuzi mkubwa wa sumu. Watu walinunua cho chote kilichokuwa dukani. Walichanganya sumu mbili, tatu, katika bomba moja. Wengine waliongeza sabuni ya unga, wengine mafuta ya taa. Walipiga saa sita mchana, jua likiwa utosini, bila shati, na kandambili miguuni. Kisha asubuhi wakakuta viwavi wako hai, wakasema: sumu hii haina nguvu, tuongeze. Hatusemi hivyo kwa kuwacheka. Mtu anayeona chakula cha mwaka mzima kikiliwa mbele ya macho yake hapimi kwa mililita.

Lakini yatupasa kuuliza kwa nini viwavi hawakufa. Mdudu huyu hutaga mayai yake kwa fungu, yapata 100 hadi 200 pamoja, kwenye jani, nayo hufunikwa na kitu kama pamba nyepesi. Yakianguliwa, vijana wake ni wadogo mno, na siku zile za kwanza huwa juu ya majani, wazi kabisa. Hapo ni rahisi kuwaua. Wakikua huingia ndani ya moyo wa mhindi, mle majani machanga yanapojikunja, na kuuziba mlango kwa mavi yao yaliyo kama unga wa mbao. Mchana hujificha mle. Usiku hutoka kula. Mtu apigaye sumu mchana juu ya majani ya nje anaosha majani tu. Sumu yake haimfikii adui. Humfikia nyuki, nyigu, sisimizi na buibui, ambao ndio askari wetu wanaowala viwavi na mayai yao bila mshahara. Tena wale viwavi wanaopata sumu kidogo bila kufa huzaa watoto wenye usugu, na msimu unaofuata sumu ile ile huwa kama maji kwao. Hivyo tunalipa fedha ili kumfundisha adui namna ya kutushinda.

Sasa tuje kwenye shauri lililotuleta hapa. Katika tawi letu limeletwa wazo kwamba wanachama wachange fedha, tukanunue sumu ya viwavi kwa jumla katika dumu kubwa, kisha igawanywe kwa kila nyumba katika chupa za soda na za maji, kila mtu apate kadiri ya mchango wake. Waliolileta wana nia njema. Wanataka kumpunguzia mkulima bei, na kununua kwa pamoja ni jambo tunalolihubiri kila siku. Hata hivyo twasimama mbele yenu kulipinga shauri hilo, yaani ile sehemu ya pili, ya kugawana katika chupa.

Chupa ya soda ikiingia nyumbani, mtoto anajua kazi yake. Haiandikwi juu yake kwamba ni sumu, haiandikwi kipimo, wala siku za kungoja kabla ya kuvuna, wala jina la kumwambia mganga mtu anapoanguka. Usiku baba anarudi kutoka ziwani ana kiu, taa imezimika, anapapasa. Mambo ya namna hii hayakuanzia kwetu, wala si hadithi ya kutisha watoto. Katika nchi nyingi sumu iliyohamishwa kutoka chombo chake kwenda katika chupa ya kinywaji imekuwa njia ya kawaida kabisa ya mauti ya bahati mbaya. Tusiwe tawi lililochanga fedha za kununua msiba.

Na tazameni tunakoishi. Wampembe imekaa kati ya mlima na maji. Mashamba yetu mengi yako mteremkoni. Mvua ikinyesha, kila kilichomwagwa juu hushuka kwa mito na vijito mpaka ziwani. Ziwani humo ndimo tunamochota maji ya kunywa, ndimo tunamooga na kufulia, ndimo tunamovua dagaa na migebuka. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi mahali penye kina kirefu, na maji yake ni karibu sehemu moja katika kila sita za maji baridi yote yaliyo wazi juu ya uso wa dunia. Mtu akisikia hivyo husema: maji mengi kiasi hicho, chupa moja itafanya nini? Lakini ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Lukuga upande wa Kongo, tena mlango mwembamba. Wataalamu wamehesabu kwamba tone la maji liingialo ziwani hukaa kwa wastani wa miaka 440 hivi. Yaani ziwa letu ni kama mtungi mkubwa usiomwagwa. Tena samaki wadogo na mayai ya samaki hawako kilindini. Wako ukingoni, katika maji haba, pale pale mtu anapoinama kuosha bomba lake baada ya kazi.

Twasema juu ya kuosha bomba kwa sababu jambo hili twaliona. Kazi ikiisha, mtu hushuka ziwani, akajaza bomba maji, akalitikisa, akamwaga, akaosha na mikono. Hatua chache pembeni mama anachota maji kwa ndoo. Hakuna sheria ya mbali itakayozuia jambo hilo. Litazuiwa na ninyi mnaokaa hapa.

Wavuvi mliopo mtatusaidia kuwaeleza wakulima yaliyowapata ndugu zetu wa Ziwa Victoria. Huko watu wachache walianza kuvua kwa sumu za mashambani. Waliimwaga majini, samaki wakaelea, wakawakusanya na kuwauza. Mwaka 1999 habari zilipoenea, Uganda yenyewe ilisimamisha kupeleka samaki Ulaya, kisha Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa ziwa lile kutoka nchi zote tatu, Uganda, Kenya na Tanzania. Viwanda vya minofu vikakosa kazi, na mvuvi asiyepata hata siku moja kugusa sumu akakosa wa kumwuzia samaki. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kabisa kuvua kwa sumu. Hapa kwetu wazee wanaujua utupa, ule mmea ambao majani yake yakipondwa na kutiwa mtoni samaki hulewa. Ndiyo maana hatukubali pia maneno ya wale wasemao kwamba kitu cha asili hakidhuru. Utupa huua wadudu wa ghalani, ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo huua samaki. Mwenye kuutumia autumie shambani, mbali na maji.

Iko tena tabia inayosimuliwa katika fukwe mbalimbali, ya kunyunyizia sumu dagaa walioanikwa ili nzi wasitue. Tutasema kwa maneno mafupi. Mfanyabiashara afanyaye hivyo anawalisha watu sumu, na akijulikana hapa kwetu asingoje Chama kimtetee.

Nchi yetu, na Ufipa hasa, si ngeni katika vita vya wadudu na sumu. Upande wa pili wa mlima, Bonde la Ziwa Rukwa limejulikana tangu zamani kuwa mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu. Kutoka katika mazalio kama hayo nzige walitoka wakaenea kusini na mashariki mwa Afrika tangu mwaka 1930 hivi mpaka 1944. Baada ya hapo serikali za kikoloni ziliungana, na mwaka 1949 likaundwa shirika la kupambana na nzige wekundu, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu na Zambia. Walipiga sumu kwa magari na kwa ndege. Nyakati zile watu walidhani sumu ndiyo jibu la kila swali. DDT ilikuwa imesifiwa mpaka Mswisi aliyegundua nguvu zake za kuua wadudu, Paul Müller, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1948.

Mwaka 1962 bibi mmoja wa Marekani, Rachel Carson, alitoa kitabu kiitwacho Silent Spring, akaonyesha kwamba sumu hizo hazifi shambani. Hukaa katika udongo, huingia katika mdudu, kutoka kwa mdudu huingia katika samaki na ndege, na kila hatua huongezeka. Wenye viwanda walimtukana sana. Miaka kumi baadaye Marekani yenyewe ilipiga marufuku DDT katika kilimo. Mwaka 2001 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Stockholm juu ya sumu zisizooza, zikiwamo DDT na dieldrin, ambayo ilikuwa sumu kubwa ya kupigia nzige barani Afrika kwa miaka mingi. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2004. Mwaka 2011 ikaongezwa endosulfan, iliyotumika sana katika pamba, na mwaka 2025 ikaongezwa chlorpyrifos, ingawa matumizi fulani yaliachwa kwa muda. Tunayataja majina haya kama yaandikwavyo kwenye vibandiko, ili mkiyaona muulize.

Na hao nzige wetu wa Rukwa? Mwaka 2009 walipoanza kuzidi katika mbuga za Iku na Katavi, katika Bonde la Rukwa na la Malagarasi, hawakupigwa kwa sumu zile za zamani. Walinyunyiziwa ukungu hai unaoua nzige na kuacha samaki, ndege na wanyama. Yapata hekta 10,000 zilinyunyiziwa, na pigo likazuiliwa. Ni jambo la kujivunia. Lilifanyika hapa, katika nchi tuliyozoea kuambiwa iko nyuma.

Lakini liko lingine lisilo la kujivunia. Mwaka 1986 nchi yetu ilipokea kutoka Ugiriki tani 170 hivi za sumu za mashamba kwa jina la msaada, nyingine zikiwa muda wake umekwisha. Zilirundikwa katika banda la shamba la Vikuge, karibu na Kibaha. Banda lilianguka, mvua ikanyesha juu yake, na wachunguzi waliokwenda miaka mingi baadaye walikuta DDT na sumu nyingine katika udongo na katika maji ya mahali pale. Ndugu zetu, si kila kinachotolewa bure ni zawadi. Hata katika miaka hii viko viwanda vya Ulaya vinavyouza nje sumu ambazo sheria za kwao zimezikataza zisitumike katika mashamba ya kwao. Twawalaumu wenye viwanda hivyo bila woga. Lakini tusiwalaumu wao peke yao: aliyezipokea na kuziacha chini ya banda bovu ni sisi, na anayeosha bomba ziwani ni sisi.

Basi tufanyeje? Wengine watasikia maneno haya na kudhani tunakataza sumu kabisa. Hatukatazi. Mahindi yakifa, watoto watalala njaa, wala hatuwezi kuwalisha hotuba. Twasema sumu iwe silaha ya mwisho, na ishikwe na mikono inayojua.

Silaha ya kwanza ni macho. Mahindi yakiwa machanga, mwenye shamba alipite mara mbili kwa juma. Asimame mahali 5, na kila mahali atazame miche 10. Ikiwa katika ile miche 50 ni michache tu yenye dalili mpya, apondeponde mayai kwa vidole na kuwatoa viwavi kwa mkono. Kazi hii watoto waweza kuifanya, kwa kuwa hapo bado hapana sumu. Wakulima wengi hutia majivu au mchanga kidogo katika moyo wa mhindi, na kiwavi hupata taabu mle. Kupanda mapema, tena jirani na jirani kwa wakati mmoja, na kuchanganya maharage, kunapunguza mashambulizi. Tena msitishwe na matundu ya majani peke yake. Mhindi ulioliwa majani ukiwa mchanga, wenye rutuba na maji, hurudi na kuzaa. Wazee wetu wa Ufipa waliofukia majani katika ntumba ili kulisha udongo walikuwa wakiutia mmea nguvu ya kustahimili, ingawa hawakuandika vitabu.

Ikiwa ni 10 au zaidi katika ile 50, na viwavi bado ni wadogo, hapo kuna haki ya kufikiri juu ya sumu. Ikiwa mahindi yamekwisha kutoa mbelewele, aghalabu ni kuchelewa, na fedha yako itakwenda bure.

Anayenunua anunue chupa iliyofungwa, yenye kibandiko cha Kiswahili, namba ya usajili na tarehe ya mwisho. Kazi ya kusajili sumu hizi na kuwakagua wauzaji ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na makao yake yako Arusha. Chini ya kibandiko pana mstari wa rangi. Nyekundu ni kali mno, msiiguse. Njano ni ya hatari. Buluu ni ya tahadhari. Kijani ni hafifu kuliko zote, lakini kijani hakimaanishi kwamba ni maji ya matunda. Kipimo kilichoandikwa ndicho kipimo. Wala mtu asipime kwa kizibo, maana vizibo havilingani. Kila bomba liwe na kikombe chake cha kupimia, kisichorudi jikoni.

Apige jioni jua likipungua, nyuki wakiwa wamerudi mzingani na kiwavi akijiandaa kutoka, au alfajiri upepo ukiwa umetulia. Aelekeze mdomo wa bomba katika moyo wa mhindi. Avae shati la mikono mirefu, suruali, viatu vya mpira, glovu, na kitambaa puani na kinywani. Asile, asivute sigara, asizibue bomba kwa kupuliza kwa mdomo. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasiwe karibu, hata kwa kazi ya kuchota maji ya kuchanganyia. Tunalisema hili kwa nguvu kwa sababu mara nyingi bwana ndiye abebaye bomba na kusifiwa, na bibi ndiye achanganyaye sumu kwa mkono mtupu, kisha akafua nguo zile pamoja na za mtoto.

Mtu akianza kutoka mate na jasho jingi, kutapika, kuona giza, kutetemeka misuli na kupumua kwa taabu, sumu imemshika. Mtoeni shambani, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, mkimbizeni kwa mganga wa kituo cha afya pamoja na chupa yenye kibandiko. Aina nyingine ina dawa yake ya kuizima, lakini mganga hawezi kujua bila kibandiko. Msimpe maziwa wala mafuta, na msimlazimishe kutapika. Mazoea haya ya maziwa yameenea sana, nayo hupoteza wakati ambao mgonjwa hana.

Tena sumu ya shambani isipelekwe ghalani kamwe. Twajua taabu ya dumuzi, yule mdudu ambaye wananchi walimbatiza Scania, aliyeingia nchini kupitia Tabora tangu mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Kwa ghala iko sumu yake ya unga iliyosajiliwa, nayo ina kipimo chake na siku zake za kungoja. Lakini twapendelea ile mifuko isiyopitisha hewa ambayo madukani huitwa kinga njaa. Mahindi yaliyokauka vizuri yakifungwa humo, mdudu huimaliza hewa mwenyewe na kufa, wala hapana sumu hata chembe. Bei yake ni kubwa kuliko ya gunia la kawaida. Lakini hesabuni na bei ya sumu, na kwamba mfuko ukitunzwa hutumika tena.

Mzee mmoja alituuliza kabla ya mkutano: glovu na viatu hivyo vyote, nani ana fedha? Swali lake ni la haki, na hatutalijibu kwa maneno matamu. Mkulima mmoja mmoja hawezi. Ndiyo maana twaleta shauri hili badala ya lile la chupa.

Fedha za mchango zinunue kwanza mavazi kamili ya watu wanne na mabomba mawili mazima yasiyovuja. Tuchague watu wanne, wanaojua kusoma, wasiolewa kazini, wafundishwe na Bwana Shamba, nao ndio watakaopiga sumu kwa mwanachama na asiye mwanachama, kwa malipo madogo. Chombo cha sumu kibaki katika chupa zake za dukani, katika sanduku lenye kufuli, mbali na nyumba za kulala, mbali na ghala la chakula, wala si katika ofisi ya tawi. Ufunguo uwe na watu wawili. Daftari liandikwe: shamba la nani, sumu gani, kiasi gani, tarehe gani, na tarehe ambayo mazao yataweza kuvunwa. Nyanya na mboga za majani ziangaliwe zaidi, kwa maana hizo hupigwa leo na kesho ziko sokoni. Chupa tupu zisuuzwe mara tatu, na maji ya kusuuzia yarudi katika bomba yakamalizikie shambani. Zitobolewe, ziwekwe chini ya kufuli mpaka tupate maelekezo ya mahali pa kuzipeleka. Hapana kuzitia mawese, wala pombe, wala maji ya shule. Na bomba lisioshwe tena ziwani wala mtoni. Tutachagua mahali pamoja, juu, mbali na visima na vijito.

Liko jambo moja la mwisho, nalo ni letu sisi tuliopitia vyuo vya ualimu. Wako watu wazima hapa ambao herufi zimewakimbia tangu walipoacha shule, na wengine hawakupata kuziona. Kuanzia wiki ijayo, jioni mbili kwa juma, tutafundisha kusoma katika jengo la tawi, na kitabu cha kusomea kitakuwa vibandiko vya chupa: rangi, kipimo, tarehe, siku za kungoja. Hatutozi kitu. Akina mama waje na watoto wao, sisi vijana tutawashika.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mashauri haya mawili yapigiwe kura leo kwa kunyosha mikono, lile la kugawana sumu katika chupa na hili la watu wanne, ili mvua ya kwanza isitukute bado tunabishana. Daftari liko kwa katibu wa tawi. Wenye mabomba ya zamani wanaombwa wayalete Jumamosi yatazamwe kama yanavuja, na atakayekuwa na sumu ya mwaka jana katika chupa ya soda asiimwage po pote. Ailete vile vile ilivyo, amkabidhi katibu, wala hataulizwa swali lo lote.